Kirukia Juu ya Mtofaa

Tangu asubuhi Irmtraud Lüttgens alikuwa hakai wala hasimami. Gazeti lao, Mjumbe wa Elbe, lilikuwa limetoka na makala yake, na kila hatua nje ya mlango ilimshtua moyo. Zamani gazeti hilo lilimkera Kaiser, mfalme wa Ujerumani, likafungiwa, likafunguliwa, likakonda wakati wa vita, likanenepa enzi ya jamhuri. Sasa, chini ya Chama kilichotwaa nchi, lilipumua kwa taabu. Maagizo yalikuja kila siku kutoka Berlin: hili andikeni, lile msithubutu. Basi waandishi wakajifunza kufumba, na wasomaji kufumbua. Ukiandika juu ya baridi ya Urusi, watu wa mji wao wa Magdeburg walijua baridi yenyewe ni ya wapi.

Safari hii aliandika juu ya kirukia, mmea unaoota juu ya mtofaa na kuunyonya. Kipupwe kikifika, wapita njia huusifu mti kwa ukijani wake, kumbe ukijani ni wa mnyonyaji. Mti ni Ujerumani, mnyonyaji ni Chama. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na mwerevu aliyemtaka alikuwa mmoja tu: Mzee Siegbert Rosenhain, aliyemfundisha kazi, kabla sheria haijawafukuza Wayahudi magazetini. Siku mzee alipofukuzwa, Irmtraud alimwahidi: "Sisi tunabaki ili awepo wa kukusemea."

Mchana mhariri mkuu, Bwana Tiedge, aliingia bila kubisha, akicheka.

"We mwanamke! Nilijua leo tunafungwa. Kumbe Chama wamepiga simu kukusifu! Makala yako wataichapa wasomeshwe watoto shuleni. Wanasema hakuna aliyewahi kuwaandika Wayahudi, wanyonyaji wa nchi, vizuri hivyo."

"Kuwaandika nani?"

"Usinitolee macho. Umetuokoa. Andika nyingine."

Irmtraud alinyakua koti, akatoka mbio hadi kwa Mzee Rosenhain. Gazeti lilikuwa mezani, limefunguliwa.

"Mzee, umeielewa?"

"Mimi? Mwanangu, si nimekufundisha mwenyewe? Nimeielewa yote. Na muuza maziwa kaielewa kivyake. Leo kakataa kuniuzia. Kaniita kirukia, mbele za watu."

Irmtraud alitamani ardhi ipasuke immeze. Alizunguka chumba, akashika kiti, akakiacha.

"Kesho nakanusha. Naapa!"

"Utasemaje? Kwamba ulikuwa unawasema wao?"

Akisema, gazeti linafungwa na yeye anakwenda jela. Akinyamaza, maana aliyoitoa Chama ndiyo inayobaki. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Mzee alimsubiri. Alipoona jibu haliji, alilikunja gazeti taratibu, akamwekea mkononi.

"Mwambie Tiedge asiniletee gazeti tena," alisema, bila hasira. "Mimi niliyeelewa sikuwa na haja ya kuambiwa; waliohitaji kuambiwa wameelewa kivyao."

Kisha akamfungulia mlango.