Tundu la Gobori

Mume wangu Muhdhar alikuwa na gobori la babake, na mtaani kwetu Kuze hapakuwa na bwana harusi aliyeingia mlangoni bila Muhdhar kulipiga mara tatu. Mwaka wa sitini na nne, harusi ya binti yetu Swabaha ilipokaribia, gobori likaanza kumtemea moto. Kila akipiga, cheche zilirudi nyuma zikamchoma shavu.

Akalipeleka kwa kakangu Badawi, fundi wa bunduki. Badawi akakifungua kifa, kile kichuchu kinachovikwa fataki, akatuonyesha tundu lake lilivyolika kwa miaka. Akachonga kipya cha shaba, chenye tundu jembamba hata sindano yangu ya kushonea kofia ilipita kwa taabu.

"Dadangu, tundu likiwa pana moto warudi matoni," aliniambia. "Gobori lisiposhika, anikeni baruti. Tundu liwateni."

Siku ya harusi kulinyesha tangu alfajiri. Alasiri Muhdhar akalijaribu uani: fataki ikalia, gobori likanyamaza. Akarudia, kimya. Baruti imeingia unyevu, na jua la kuianika liko wapi? Majirani walishaanza kucheka madirishani, na mimi kuchekwa siwezi, nasema kweli. Muhdhar alipoingia kuoga, nikatwaa kichuma changu cha kutobolea kofia, nikakizungusha tunduni. Shaba ni laini. Nilizungusha mpaka nikajiona hodari.

Bwana harusi akafika. Mlio wa kwanza ukashika, nami nikapiga kigelegele kuwashinda wote. Wa pili, moto ukarudi. Muhdhar akaanguka ameshika jicho la kulia, na jicho hilo halikuona tena.

Badawi alikuja kesho yake. Akakifungua kifa, akalitazama tundu, kisha akanitazama mimi na kofia yangu mapajani.

"Kosa langu, shemeji," akamwambia Muhdhar. "Nilitoboa vibaya."

Nami nikanyamaza. Miaka mitatu nilinyamaza! Watu wakaacha kumpelekea Badawi kazi, akafunga duka, akaenda kupakia magunia Shimanzi. Muhdhar hakumwitikia salamu tena. Badawi akipita kwetu aliniuliza hali tu, na kwa kweli ningependa anitukane.

Siku Badawi alipokufa, Muhdhar alikataa kwenda kuzika.

"Alonipofua simtukui begani," akasema.

Hapo ndipo ulimi uliponifunguka. Nikamwambia yote, na kile kichuma nikamwekea mkononi. Alikigeuzageuza. Kisha akavaa kofia akatoka mbio, akijigonga kutani kwa ule upande asiouona.

Alipofika makaburini, walikuwa washafukia, wamwagia kaburi maji.