Kiazi Kwenye Kioo cha Helmeti

Semana ndiye aliyemwona Dusabe kwanza, na Semana hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite bila kukisemea.

"Jamani, simameni! Dereva wa mtaroni amefika. Dada, leo tunapeleka nini sokoni? Kuku au kabichi?"

"Kabichi," Dusabe akajibu huku akiegesha pikipiki yake. "Kabichi hazina mdomo kama wako."

Kijiwe kizima cha pikipiki cha Kirambo kikacheka, na Semana mwenyewe akacheka, maana alipenda kutaniwa kama alivyopenda kutania. Lakini Dusabe alijua kilichokuwa chini ya kicheko kile. Tangu aanguke na nesi Donatila, mwenyekiti wa ushirika wao, Ntezi, alikuwa amemtoa kwenye barabara ya mlimani. Wenzake walipanda juu na abiria wao alfajiri, yeye akabaki huku chini kwenye tambarare, na magunia na majogoo waliofungwa miguu. Alikuwa mwanamke peke yake kijiweni. Akikaa tambarare mpaka mvua zikatike, watu watazoea kumwona huko, na barabara ya juu haitarudi tena mikononi mwake.

Tena kosa lenyewe lilikuwa la kijinga. Asubuhi za milima ya Buberuka baridi inauma mpaka kwenye meno, na ukungu hukaa barabarani kama umelipa kodi ya nyumba. Ushirika wao ulikuwa na sheria: kwenye mlima kioo cha helmeti kishuke, tangu siku mwenzao mmoja alipopigwa kokoto la jicho. Sasa ukikishusha, pumzi yako inakigeuza cheupe huoni kitu. Ukikipandisha, manyunyu yanakuchoma macho na mwenyekiti anakutoza faini. Semana alipandisha tu, akafika juu analia machozi kama bibi harusi.

Ni huyo huyo Semana aliyempa Dusabe dawa. "Paka samli ya ng'ombe," alimwambia. "Mama zetu wanajipaka, ngozi haiingii maji. Kioo ndicho kitaingia?" Dusabe akaona ni kweli. Nani kwao amewahi kuona samli ya ng'ombe ikiharibu kitu? Akapaka ndani ya kioo, akampakia Donatila, wakapanda. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Kisha likatokea lori la viazi na taa zake mbili, na kioo chote kikawaka kama mchuzi wenye mafuta. Hakuona kona. Wakajikuta wako mtaroni, pikipiki juu ya kabichi za watu, na Donatila mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Hakuumia mtu. Wakakitafuta kiatu kwenye ukungu, wakapapasa kwenye matope, wakakikosa, na nesi akaingia kazini na soksi. Tangu siku ile alipanda na Semana.

Dusabe hakulalamika. Yeye alikuwa mtu wa kutazama. Shuleni aliishia la sita, lakini akikitazama kitu hakiachi mpaka kimpe jibu, na jibu hili lilikuja akiwa ameshika kikombe cha uji kwenye mgahawa wa shangazi yake, Zaveri.

Zaveri alikuwa akikata viazi vya kukaanga karibu na dirisha. Sufuria ilikuwa inachemka, na kioo chote cha dirisha kimefunikwa na mvuke, isipokuwa mahali pamoja. Hapo palikuwa na alama ya kiganja cha mtu. Vidole vitano, safi, na kupitia vidole vile Dusabe aliona barabara, aliona mbuzi, aliona mpaka Semana anajikuna.

"Shangazi, nani ameshika dirisha?"

"Mimi, nilikuwa nafukuza kuku wa jirani. Kwani limechafuka?"

"Ulikuwa umeshika nini?"

"Nitashika nini mimi, dhahabu? Viazi."

Dusabe akaweka uji chini. Akasogea dirishani, akapumulia kile kiganja, haa, kwa pumzi yenye joto la uji. Pembeni kioo kikazidi kuwa cheupe. Kiganja kikabaki vilevile.

"Unabusu dirisha siku hizi?" Zaveri akauliza. "Kwa kukosa nini, mwanangu? Wanaume wamejaa hapo nje."

"Nipe nusu kiazi, Shangazi."

"Kula kizima. Nusu kiazi ni chakula cha nani?"

Alianza kwa kukosea. Alisugua kiazi ndani ya kioo cha helmeti, akakiacha kioo kikauke chenyewe, kikakauka na michirizi myeupe kama meza iliyomwagikiwa uji. Akakiosha. Lo, akawa ameosha na dawa yenyewe, ukungu ukarudi. Akasugua tena, akaacha kikauke kidogo tu, kisha akapitisha kitambaa kikavu taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso akiwa usingizini. Hapo kikatulia.

Halafu akajitazama mwenyewe. Skafu yake huwa anaizungusha mpaka puani, na pumzi ikikosa njia ya chini inapanda moja kwa moja kwenye kioo. Akaishusha, akaichomeka chini ya kidevu. Na ule uji wa moto ambao kila mtu kijiweni huumalizia akiwa tayari amekalia pikipiki, akaacha kuunywa mpaka arudi. Alijaribu asubuhi moja na nyingine, peke yake, akipanda mpaka kona ya kwanza na kugeuza kabla watu hawajajaa. Akatoka huko akiona kila jani.

Kwa hiyo siku hii, alipomaliza na Semana, alimfuata Ntezi aliyekuwa amesimama mlangoni kwa Zaveri na kikombe kikubwa mkononi.

"Mzee, nimekuja kuchukua barabara yangu."

"Barabara ni ya serikali, binti."

"Basi nirudishie zamu yangu. Nimepata dawa ya kioo."

"Mara ya kwanza pia ulikuwa na dawa." Ntezi alipuliza uji wake. Alikuwa mtu mwenye haki, ila mgumu kama ngozi ya ngoma. "Nitakupa abiria gani wapande na wewe? Nani nimtoe kafara?"

"Wewe."

Kijiwe kizima kikageuka.

"Panda nyuma yangu sasa hivi, twende mpaka kituo cha afya kule juu na kurudi," Dusabe akasema. "Kioo chini mwanzo mpaka mwisho. Nikikuangusha, nabeba kabichi maisha yangu yote. Nisipokuangusha, nesi akifika anikute kwenye zamu."

"Mzee, andika wosia kwanza," Semana akasema.

Ntezi akachukua helmeti ya abiria.

"Ngoja nikupakie kiazi kwenye hicho kioo," Dusabe akasema.

"Kiazi! Kioo changu si cha kukaangia chipsi."

"Basi uji uache, utakunywa tukirudi."

"Na uji unanipangia?" Ntezi akaugugumia wote, wa moto vile vile, akafuta masharubu, akazungusha skafu yake mpaka chini ya macho, akashusha kioo kwa kishindo. "Twende."

Wakapanda. Baada ya nyumba za mwisho ukungu ukawapokea, na manyunyu yakaanza kugonga. Dusabe alikwenda gia ya pili, mkono mwepesi kwenye klachi. Kioo chake kilikuwa na matone kwa nje, na hayo alikuwa akiyafuta kwa kidole cha glavu, lakini kwa ndani kilikuwa wazi. Aliona ukingo wa lami. Aliona mikaratusi ikitokea mmoja mmoja. Aliona ule mtaro, akaupita bila kuusalimia.

Nyuma yake Ntezi alikuwa ameanza kukaza magoti.

"Punguza!" akapiga kelele.

"Nimepunguza, mzee."

"Punguza zaidi! Unakwenda kama huoni!"

Dusabe akatabasamu ndani ya helmeti. Wakapita kalavati, wakaingia kona ndefu yenye ngema upande mmoja na bonde upande mwingine. Mbele yake, ndani ya weupe, kitu cha kijivu kikasogea. Kikasogea kingine. Kisha akaona pembe, ndefu, zimepinda juu kama mikono ya wacheza ngoma. Akaachia mafuta, akakanyaga breki ya nyuma kidogo kidogo, akavuta ya mbele kidogo, pikipiki ikasimama imenyooka. Akaweka miguu yote miwili chini na kuzima injini.

"Kumbe!" Ntezi akalipuka nyuma yake. "Umesimama! Katikati ya barabara! Nilijua mimi. Huoni kitu, sema ukweli, huoni hata mkono wako!"

"Naona, mzee. Nangoja ng'ombe wapite."

"Ng'ombe gani? Wako wapi ng'ombe? Hakuna barabara, hakuna mlima, hakuna chochote hapa, wewe unaona ng'ombe?"

"Pandisha kioo chako."

Ntezi akakipandisha. Pua ya ng'ombe, nyeusi, yenye maji, ilikuwa imefika karibu na pua yake. Ng'ombe akamhemea usoni. Mwenyekiti wa ushirika akatoa sauti ambayo Dusabe aliamua palepale kutomwambia Semana kamwe.

Walikuwa ng'ombe wa mahari, wamepigwa brashi mpaka wanang'aa, wanashushwa mapema kwenda kwa wakwe. Wachungaji wawili walikuwa wamevaa mavazi ya sherehe chini ya makoti ya mvua. Mkubwa wao akainua fimbo, akawapa salamu ya kuwatakia ng'ombe wengi, inayowapasa waliokutana na ng'ombe njiani:

"Mpate makundi!"

Ntezi alipaswa kujibu, ndiye mkubwa. "Makundi ya majike," akajibu huku akijifuta uso.

Ng'ombe wakapita wote, taratibu, wakigusa vioo vya pikipiki kwa mikia. Barabara ilipobaki tupu Ntezi akauliza:

"Uliwaona tokea wapi?"

"Tulipotoka kwenye kalavati."

"Mimi tokea kwa Zaveri sijaona kitu," akasema polepole. "Nilidhani kama mimi sioni, na wewe huoni."

Ntezi akavua helmeti, akaigeuza akitazama ule weupe wa ndani, na mvuke wa uji wake mwenyewe uliogeuka matone. Kisha akampitishia begani.

"Paka hicho kiazi chako."

Alikuwa nacho mfukoni, nusu kiazi kimefungwa kwenye kitambaa. Akasugua, akasubiri, akapangusa. "Na skafu, mzee. Ichomeke chini ya kidevu."

"Nimesikia."

"Na uji..."

"Uji nimeshakunywa, binti, nifanyeje, niutapike?"

Walifika kituo cha afya, wakageuza, wakarudi. Njia nzima ya kurudi Ntezi alikuwa akitaja vitu, kwa sauti, kama mtoto aliyepelekwa mjini: "Ule ni mti wa mzee Bapfakurera. Yule mbuzi hana mtu. Ona, wametia bati jipya."

Kijiweni Semana alikuwa ameshapasha injini moto, na nesi Donatila amesimama kando yake na mwavuli. Donatila alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyesahau. Viatu vyake alikuwa amevifunga kwa kamba ya katani, raundi mbili kila mguu.

"Mmeanguka mara ngapi?" Semana akauliza.

"Zima pikipiki," Ntezi akamwambia. "Zamu ya juu ni ya Dusabe. Na wewe, kesho ukipanda na kioo juu, faini. Kajifunze kumenya viazi."

"Mwenyekiti, huyo ni abiria wangu!"

"Abiria si ng'ombe wako," Donatila akasema. Alikuwa amemsogelea Dusabe na kutia kidole ndani ya helmeti. "Hii ni nini? Samli tena?"

"Hapana, dada. Kiazi."

"Kibichi?"

"Kibichi."

"Afadhali. Leo nikilala mtaroni nitakuwa na cha kula." Akashika helmeti ya abiria, ile iliyokuwa kichwani mwa Ntezi, akavaa, akashusha kioo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akampungia Semana mkono kwa madaha. Akapanda. Pikipiki ikashuka kidogo kwa nyuma kama kawaida yake.

Kwenye nyumba za mwisho Donatila alikuwa bado ameshika kizibao cha Dusabe kwa ngumi mbili. Walipofika kwenye mikaratusi ngumi zikalegea. Manyunyu yalikuwa yameongezeka.

Mara Donatila akampiga begani, pa, pa. Kijiweni kwao abiria akigonga bega unasimama, huulizi. Dusabe akasimama. Walikuwa mahali palepale walipoangukia.

"Dada, umeogopa?"

Donatila alikuwa ameshateremka, amebana mwavuli kwapani, anainama juu ya mtaro na kioo kikiwa bado chini. Mvua ya juzi ilikuwa imesafisha matope ya pembeni. Akaingiza mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akavuta, akatoka na kitu kinachovuja.

"Siku ile tulipapasa hapa kama vipofu," akasema. Akakipindua. Chura akaruka kutoka ndani, akaenda zake. "Leo nimekiona nikiwa juu ya pikipiki."

Akakitia kile kiatu ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda tena, akakaa vizuri.

"Haya, ongeza mafuta kidogo," akasema. "Nisije nikachelewa na viatu vitatu."

Dusabe akatia gia.