Kiti cha Mama Kornel

Dafrosa aliketi kiti cha mbele kabisa, karibu na ulingo kiasi kwamba jasho la mabondia lilimrukia kwenye kitenge. Kiti alipewa na promota Nassibu, Mzaramo, ambaye kwa utani wa makabila yao aliruhusiwa kumwambia lolote. Mapajani alipakata taulo jeupe. Mwanawe Kornel alikuwa amemwagiza: "Mama, ukiona nazidiwa, litupe ulingoni. Pambano linaishia hapo."

Mpinzani, jitu la Igunga, alimzidi Kornel uzito waziwazi. Ukumbi mzima wa Cheyo ulijionea. Nassibu alijua kabla ya wote, ila tiketi zilishauzwa.

Raundi ya pili, ngumi ilimshukia Kornel jichoni. Badala ya kutupa taulo, Dafrosa alisema lile neno la akina mama wanaotaka maumivu ya mtoto yawapate wao: "Uwii! Heri mimi!"

Jicho la Dafrosa likavimba palepale. La Kornel likabaki zima. Daktari wa ulingo alimmulika Kornel tochi, akaridhika, akampitishia Dafrosa barafu na kurudi kukaa. Mwanamke wa kiti cha pili alisema, "Pole, mama," akasogeza mkoba wake usichafuke damu.

Dafrosa aliogopa, tena sana. Taulo alilishika. Lakini kila alipotaka kuinua mkono, ngumi nyingine ilikuwa njiani, na mdomo ukautangulia mkono. Heri mimi, mbavu. Heri mimi, taya. Jitu la Igunga likaanza kuhema. Kornel aligeuka mara moja, akamwona mama yake, akaliona na taulo. Akageuza uso haraka, akaendelea kupiga.

Pambano lilipoisha, mwamuzi aliuinua mkono wa Kornel. Nassibu akachuchumaa mbele ya Dafrosa, anacheka.

"Mtani, nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo ya misafara mpaka kwetu pwani. Huu wa mtoto ndio ukushinde?"

Mtani hanuniwi. Dafrosa naye akacheka, na jino likamdondokea kiganjani.

"Pambano lijalo Nzega," Nassibu alisema. "Nimempata mzito zaidi ya huyu. Kiti chako nimeshakitenga, safari hii kina mto."

Kornel alishuka ulingoni bila hata mkwaruzo. Alilichukua taulo, akamfuta mama yake damu taratibu, bila kumtazama machoni.

"Nzega utakuja, mama?"

"Nitakuja," alisema Dafrosa kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. "Nikuache na nani?"