Kokoto za Tai

Baba yangu, mzee Jumbe, alikuwa na ukaidi wa kuutosha mtaa mzima wa Butimba. Mzungu aliyemwajiri kuhesabu tai wanaopita kila Machi alishafunga virago kabla ya Uhuru, lakini baba aliendelea kupanda mlimani bure. "Mzungu kaondoka," alisema. "Tai nao wameondoka?"

Kwa hiyo Bilali seremala alipoleta posa yangu, baba hakugusia mahari. "Aje tuhesabu. Hesabu zetu zikilingana, nampa Mastura. Asiyejua kutazama hataona hata mkewe akiugua."

Nilikasirika. Nani anaozeshwa kwa ndege? Lakini nilimpenda Bilali, basi nikabeba chai na mihogo nikawafuata.

Walikaa juu ya mwamba, jiwe kubwa katikati yao wasichunguliane. Kila mmoja alikuwa na kopo tupu na rundo la kokoto. Tai walikuja kwa makundi, wakazunguka wakipandishwa na joto la mawe. Hapo usihesabu, maana utamrudia yule yule. Unangoja aache kuzunguka na kushika njia ya ziwani, ndipo unatia kokoto. Ting! kwa Bilali. Ting! kwa baba.

Nilipompa Bilali kikombe, kiwiko changu kiligonga kokoto, ikaanguka ndani ya kopo lake. Ting! Upande wa pili baba naye akatia yake. Ting!

Angani hapakuwa na kitu.

Tukatazamana. Baba hakuwa anawaona tai hata kidogo. Alikuwa anasikiliza kopo la Bilali. Moyo uliniuma. Nyumbani alikuwa akilalamika kila siku kwamba taa ni mbovu, nasi tukimcheka.

Nikanyoosha mkono niitoe ile kokoto. Bilali akanizuia. Kuanzia hapo akawa anazidondosha kokoto zake kutoka juu, kwa kishindo, akipaza sauti kama mnadi wa sokoni.

"Mzee, yule wa kahawia anaondoka!" Ting!

"Nimemwona kabla yako!" Ting!

Jioni tulimwaga makopo. Sawasawa, hakuna iliyozidi.

"Kijana," baba alisema, kifua mbele, "una macho kama yangu."

"Asante, mzee," Bilali akajibu bila hata kutabasamu. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga.

Tulipoanza kushuka, baba, ambaye hakuwahi kukubali kushikwa mkono na mtu, aliweka kiganja begani mwa Bilali.

"Mawe yanateleza," alisema.

Mawe yalikuwa makavu. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi.

"Yanateleza sana, baba," Bilali akasema, na akapunguza mwendo.