Piano Iliyopona

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuo, Sesilia alipitia ukumbi wa kanisa pale Kilburn, huko ughaibuni, akavua glavu, akainua kifuniko cha ile piano kubwa ya kale na kubonyeza nota moja ya chini. Nota ile ilimjibu kwa sauti ya tone la maji likidondokea ndooni. Hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Leo nota ilijibu kama nota. Safi, pana, ya kawaida kabisa.

Akainama kutazama ndani. Skrubu alizochomeka humo ili kubadili sauti hazikuwapo, wala vipande vya raba alivyokata kwenye ndala kuukuu na kuvipachika kati ya nyaya. Nyaya zenyewe zilifutwa vumbi, zikang'aa.

"Sapraizi!"

Lusajo alisimama mlangoni na chupa ya chai. Alikuwa nesi, na ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa.

"Nimekitibu kinanda chako, Sesi. Jana nimetoka zamu nikaja moja kwa moja. Wale watoto wa Sunday school walikuwa wamekijaza vyuma! Na wewe miezi yote unakipiga hivyo hivyo, hata kulalamika hulalamiki."

"Asante," Sesilia akasema. Ndilo neno lililokuwa karibu.

"Mama Jacqueline wa kwaya anasema una moyo. Kinanda kinalia kama sufuria zinaanguka, mwenyewe unatabasamu tu."

Akacheka. Sesilia naye akacheka, macho yakimwasha. Alasiri mwalimu wake angekuja hapa hapa kusikiliza utunzi wake na kuamua kama utaingia kwenye tamasha la chuo. Na utunzi ulikuwa ndani ya skrubu zile.

Alikuwa amesoma habari za watunzi fulani wa Marekani, akawapenda kama mtu anavyowapenda ndugu aliowaona pichani tu. Walitia vyuma kati ya nyaya za piano. Walipiga redio kama ala. Waliwaketisha watu kimya mpaka wakaisikia mvua ya nje. Siku alipojaribu mwenyewe, piano ilimtolea mvua ya kwao Tukuyu, ile ya juu ya bati, inayoanza kwa kusitasita kisha inafunika maongezi yote jikoni kwa bibi. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

"Hebu piga kitu, tukisikie kikiwa kizima."

Akakaa, akapiga pambio. Vidole vilitembea kwa adabu, kila nota mahali pake, na yeye akajiona kama anazungumza kwenye simu na watu wa ofisini. Mbali kidogo treni ikapita. Kioo cha dirisha kikatetemeka, kikaimba kidogo, kikatulia.

Akaacha katikati ya mstari.

"Zile skrubu umeziweka wapi?"

"Kwenye kopo, pale stoo. Nataka niwaonyeshe wazazi wao."

"Si za watoto."

"Za nani sasa?"

"Zangu. Mchungaji aliniruhusu."

Lusajo akaweka chupa chini taratibu. "Ina maana zile sufuria..."

"Ndiyo."

"Yesu wangu. Na mimi nimeng'oa kila kitu, tena kwa kibanio cha wodini!"

Akaenda mbio kuleta kopo. Skrubu zilikuwa zimechanganyika zote, ikabidi masikio ndiyo yatafute. Sesilia aliinama juu ya nyaya, akanyoosha mkono bila kutazama, na Lusajo akampa skrubu kiganjani kama anavyowapa madaktari vifaa.

"Ndefu."

"Ndefu hii."

"Hapana, hiyo inalia kama kengele. Nipe raba."

Wakaendelea hivyo, maneno yakipungua. Mwanga wa dirishani ulihama kutoka sakafuni hadi ukutani bila wao kuutazama. Tone moja likarudi, na jingine pembeni yake. Sesilia alipokaa tena na kucheza, ukumbi ukajaa mvua ya juu ya bati, na baridi tamu ya asubuhi za nyumbani ikapita kati ya viti vitupu. Lusajo alifumba macho.

Mlango wa nje ukagongwa. Mwalimu.

Lusajo akashtuka, akaokota chupa yake. "Basi nikupishe. Mimi nitasikia tu siku ya tamasha."

Alikuwa ameshafika mlangoni Sesilia aliposimama.

"Usiende," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa ukumbi. "Huu ni muziki wangu, Lusajo. Nimeutunga mimi, na nataka wewe uusikie."