Blanketi la Kebirigo

Moshi ulikuwa mzito, wa miti mibichi, wenye harufu ya utomvu na manyoya yaliyoungua, na wanaume wa kijiji kimoja karibu na Kebirigo walisimama ndani yake wakikohoa, wakipenga kamasi na kupongezana. Drusilla aliwatazama.

Kisa chenyewe kilikuwa upuuzi mtupu. Mwaka huo wa sabini na nne mvua ya mawe ilikuwa imeyachanachana majani ya chai. Drusilla, mwalimu wa sayansi, alitaka jambo moja tu: kuuokoa mwitu wa chemchemi, ambao baba mkwe wake, Mzee Mogaka, alipania kuufyeka apande chai. Lakini kwa Wagusii mkaza mwana hasemezani na baba mkwe ana kwa ana; ni aibu. Basi akamtuma mama mkwe, Bitutu. Alimweleza taratibu kwamba miti ikichomwa hutoa gesi ya kaboni, na gesi hiyo hukaa huko juu ikazuia joto lisitoke, dunia ikazidi kupata joto mwaka hadi mwaka, kama mtu aliyefunikwa blanketi asiloweza kulivua, mpaka majira ya mvua yavurugike.

Bitutu alifikisha blanketi la moshi tu, mengine yakamtoka. Na nani kule milimani, anayeamka akitetemeka, atakataa blanketi? Mzee alifurahi mno. Kumbe baridi iletayo mvua ya mawe ina dawa! Akaagiza mwitu wote uchomwe. Bitutu alipotumwa tena kusahihisha, mzee alijibu kwamba msomi wake asione haya kusifiwa.

Na sasa walikuwa wakimsifu, kamasi zikiwatiririka. Drusilla alivuka moshi, akamkazia macho baba mkwe wake.

"Baba, nilisema joto hilo litatuangamiza. Sikusema mliwashe."

Mzee alijifunika uso kwa kofia. Bitutu alitema mate, akasema hajapata kuona uchafu kama ule. Wanawake wengine nao waligeuka wakikunja pua, wala si kwa ajili ya moshi.

Drusilla alitozwa mbuzi wa kumtakasa mzee. Mbuzi alichinjwa palepale, akachomwa kwa magogo ya mwitu, na mkosaji akapewa kipande cha kwanza, wote wakimtazama. Mafuta yalijaa masizi. Alitafuna, akameza. Ndipo Mzee Mogaka, kupitia kwa Bitutu, akamuuliza kama hasikii jinsi kilima kilivyoanza kupata joto.