Jivu la Syprose

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatatu, mguu wa kulia wa Syprose Ogada ulikataa kuvuka jivu.

Alikuwa amelimwaga mwenyewe jioni iliyotangulia, akaizungushia nyumba ya kampuni pamoja na mti wa avokado ulio nyuma yake, ili sisimizi wasipande kuwachunga vidukari wanaofyonza majani. Matawi aliyanyunyizia maji ya pilipili na sabuni ya kipande. Dawa ilifanya kazi. Sisimizi walifika kwenye jivu, wakageuka. Syprose naye aligeuka, akarudi ndani, akaweka chini kikapu cha kuchumia chai.

Jirani yake, Molly, alileta ufagio. Alikwama upande wa nje.

"Nyar Alego, dawa yako inatuhesabu na wadudu," alisema, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Alego. "Hata ufagio hausongi."

"Mwaka jana ulikula avokado ngapi?"

"Si ulinipa mwenyewe!"

Nyapara Onchiri alivuka bila shida. Alikuja kuuliza kwa nini Syprose hajafika kazini, akautazama mti, akaanza kuchuma. Syprose alimwambia kwamba aliupanda yeye, mwaka aliomzaa Clifford.

"Mama, kilicho kwenye ardhi ya kampuni ni cha kampuni," alisema Onchiri bila ukali. "Wewe umekuwa ukikula tu."

Syprose alimwomba alifagie jivu.

"Halafu wadudu warudi?"

Jumamosi alifika Dorine, mke wa Clifford, kutoka Ndanai, na mtoto ambaye nyanya yake hakuwa amemwona. Walivuka wote wawili, kwa kuwa hawakuwahi kuonja tunda la mti ule. Syprose alimpakata mtoto asubuhi nzima. Alipika ugali wa unga aliorushiwa na Molly, na avokado zilizokuwa ndani akazificha chini ya kitanda. Hakueleza sababu. Mama mkwe hawezi kumwambia mkamwana asile.

Syprose alipokuwa akimwogesha mtoto, Onchiri alikuja na gunia. Alimkuta Dorine mlangoni, akampasulia avokado moja.

"Kula, mama watoto, maziwa yaongezeke."

Dorine hakutaka kuonekana mwenye maringo nyumbani kwa wakwe. Alikula yote, akashukuru.

Saa kumi alimfunga mtoto mgongoni, akaaga. Onchiri alimtangulia na gunia lake, akavuka. Mguu wa Dorine ulisimama.

Syprose aliingia ndani, akazitoa avokado chini ya kitanda, akaziweka mezani.